Asubuhi za Kipupwe na Shangazi Yustina

Enzi zetu kipupwe kilikuwa kipupwe kweli. Mwezi wa sita ukiingia, upepo wa Singida ulipita katikati ya mawe makubwa ukipiga mluzi, na sisi watoto wa kijiji kile cha upande wa msitu wa Mgori tulikuwa na gauni moja la shule na kipande cha kitenge cha kujifunga mabegani. Visigino vilipasuka mpaka ungeweza kuficha punje ya mtama kwenye ufa na isionekane. Alfajiri tulibanana jikoni kuzunguka mafiga, moshi machoni, kila mtu na kikombe chake cha bati cha uji wa uwele, na mama akisema, "Kunyweni upesi, jua halimsubiri mtu." Leo binti yangu anavaa sweta mbili na kofia, anapelekwa shule kwa bodaboda, na jioni anarudi akisema, mama, leo nusura nife kwa baridi. Sisi tulikufa mara ngapi?

Ndege tuliwajua kwa mawe. Ni nani wa rika langu hakuamia? Uwele ukianza kukomaa tulipandishwa kwenye vichanja shambani kabla ya jua, tukiwa na makopo ya kokoto na makombeo, tukapiga kelele mchana kutwa kuwafukuza kwelea kwelea waliokuja kama wingu. Ndege alikuwa mwizi, na kama si mwizi alikuwa mboga. Ndege wa tatu hatukumjua. Ndiyo maana kijiji kizima kilicheka kilipomwona mtu mzima, mwenye akili zake, anaamka kwenye baridi baada ya mavuno kuwafuata ndege porini ili awatazame tu, kisha arudi nyumbani mikono mitupu.

Mtu huyo alikuwa Shangazi Yustina, dada mdogo wa baba. Alikuwa mrefu, mwembamba, na aliishi peke yake katika chumba cha tofali za udongo mwisho wa kiwanja chetu. Hakuolewa, na hilo peke yake lilitosha kuwapa watu maneno. Alikuwa fundi cherehani. Nusu ya wasichana wa darasa letu walivaa sketi alizoshona yeye. Ufundi alifundishwa na sista mmoja mzee wa misheni, na siku sista huyo aliporudi kwao alimwachia vitu viwili: darubini nyeusi yenye mkanda wa ngozi, na kitabu cha picha za ndege kilichoandikwa kwa lugha ambayo shangazi hakuielewa. Picha zilimtosha. Ndege aliyemjua kwa Kiswahili au kwa Kinyaturu alimwandikia jina lake pembeni kwa penseli, na asiyemjua alimtungia.

Mimi nilikabidhiwa kwake kwa sababu ya mdomo. Nilikuwa na miaka tisa na sikunyamaza hata nikiwa natafuna. Siku moja ya likizo, nilipokuwa nimemchosha mama kwa maswali tangu asubuhi, alisimama mlangoni akampigia kelele wifi yake: "Yustina, wewe unayependa ndege, mchukue na huyu kasuku wangu!"

Shangazi alikubali papo hapo. Kesho yake alfajiri alinigongea dirishani, akanifunga khanga kichwani, akaniambia, "Porini kinatangulia kimya, miguu inafuata. Ukiwa na neno, lishike mpaka turudi barabarani."

Nililishika. Sijui nilipata wapi nguvu. Tulitembea kwenye nyasi zenye umande wa baridi mpaka vidole vikafa ganzi, tukapita kati ya miiba na mawe, yeye mbele, mimi nyuma nikikanyaga alipokanyaga. Mfukoni tulikuwa na karanga na viazi vitamu vya jana, vya baridi, na siku njema kichupa cha asali ambayo tuliichovya kwa kidole. Tuliketi nyuma ya jiwe tukasubiri. Kwanza hakuna kitu. Kisha pori likaanza kuamka, na shangazi akanipa darubini, akanielekeza kidevu kwa vidole vyake vyenye harufu ya mafuta ya cherehani. Kwezi wa rangi ya majivu wanagombana juu ya mkwaju. Kasuku wadogo wenye kola ya njano wanatoka mmoja mmoja kwenye tundu la mti kama watoto wanaotoka darasani. Hondohondo mwenye mdomo mwekundu ananitazama kwa jicho moja. Hawa niliishi nao tangu kuzaliwa, na sikuwa nimewahi kumwona hata mmoja.

Shangazi hakuja kwa ajili ya hao. Alikuja kwa ajili ya wale wasioonekana ovyo. Aliwaandika kwenye daftari, siku, mahali na upepo ulikotoka, na pembeni ya yule wa nadra alichora nyota. Katika vipupwe viwili nilivyokwenda naye nyota hazikufika kumi. Kila ilipotokea nyota alijifunika mdomo kwa kiganja na mabega yakamtikisika. Nyumbani sikuwahi kumwona akicheka. Kule porini, mbele ya kindege ambacho mtu mwingine angekirushia jiwe, alicheka mpaka machozi.

Tukifika barabarani aliniambia, "Haya, fungulia." Nami nikaropoka yote niliyoyashika tangu alfajiri, kilomita nzima, naye akisikiliza na kujibu kila swali kana kwamba nimeuliza jambo la maana. Hakuna mtu mzima mwingine aliyenisikiliza hivyo. Hata leo sijampata.

Kipupwe cha pili ndipo tulipomwona bundi.

Kulikuwa na mgunga mkubwa karibu na korongo kavu, mwendo wa saa moja kutoka nyumbani. Shangazi alikuwa ameona chini yake mifupa midogo na manyoya, akaanza kwenda pale kila asubuhi. Siku ya sita au ya saba, jua likiwa ndiyo kwanza linagusa vilele, alinishika bega akanielekeza juu. Nikaona tu shina. Kisha shina likageuza kichwa. Alikuwa bundi mkubwa kuliko jogoo yeyote wa kijijini, wa rangi ya jivu, mzito, ameketi kama mzee aliyefika mkutanoni mapema. Akafumba macho. Kope zake zilikuwa za waridi, waridi laini kama ndani ya ua. Sikujua kama kiumbe cha porini kinaweza kuwa na kitu kizuri namna ile na kukificha hadi kifumbe macho.

Sitasema sikuogopa. Kwetu bundi alikuwa bundi. Akilia juu ya paa, watu walihesabu wagonjwa. Nilimng'ang'ania shangazi gauni. Yeye alikuwa anatetemeka kwa furaha. Akakusanya pumzi, akaguna, mguno mzito wa kifuani, mara mbili. Kukawa kimya. Halafu bundi akaguna vilevile, mara mbili, bila kufumbua macho.

"Umesikia?" shangazi alininong'oneza, akavunja sheria yake mwenyewe. "Vero mwanangu, umesikia? Amenijibu!"

Njiani siku ile tulikimbia kama watoto wawili.

Shule ilifunguliwa. Mapumziko ya saa nne tulikuwa tunacheza rede nyuma ya madarasa, na Mathayo, mvulana wa darasa letu aliyekuwa hodari wa kombeo na wa maneno, akaanza kunitania. Alisema shangazi yangu amekosa mume, sasa anatafuta porini. Wenzangu wakacheka. Hata wasichana waliovaa sketi zake wakacheka. Damu ilinipanda. Nilitaka kusema neno moja kubwa ambalo lingewafunga midomo wote.

"Shangazi yangu anaongea na bundi," nikasema. "Anamwita, na bundi anamjibu. Nimesikia kwa masikio yangu."

Waliacha kucheka kweli. Nilirudi darasani kifua mbele. Nilikuwa nimeshinda.

Wiki chache baadaye mtoto wa jirani yetu aliugua. Aliitwa Jeni, alikuwa na miaka minne, na jina la mama yake hatukulijua sisi watoto, tulimwita Mama Jeni tu. Alichemka homa siku tatu. Zahanati ilikuwa mbali, na alipobebwa kwa baiskeli kupelekwa huko alifia njiani. Kwenye matanga mtu mmoja akasema alisikia bundi upande wa korongo. Mwingine akasema, kwani hamjui? Watoto wa shule wanajua. Na maneno yangu, niliyoyasema kwa kujivuna saa nne ya asubuhi, yakaanza kupita kwenye mikeka ya waliofiwa.

Siku ya tatu baada ya mazishi niliitwa kutoka darasani. Uwanjani kwetu walikuwa wameketi wanaume wengi, na katikati yao Babu Njou, baba mdogo wa baba, ndiye mkubwa wa ukoo. Baba alisimama pembeni akitazama vidole vya miguu yake. Shangazi Yustina alikuwa ameketishwa chini peke yake. Mama Jeni alikuwepo, amejifunga khanga kiunoni, midomo imekauka. Niliwaamkia shikamoo, wakaitikia wachache.

"Usiogope mjukuu wangu," Babu Njou aliniambia, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Hapa tunataka ukweli tu. Ulisema shuleni kwamba shangazi yako anaongea na bundi? Ulisema au hukusema?"

Nikamtazama baba. Hakuinua kichwa.

"Nilisema."

"Na ulimsikia bundi akimjibu?"

"Ndiyo, babu."

Kukatokea sauti, kama upepo unapita kwenye majani makavu. Nilikuwa na mengine ya kusema. Nilitaka kuwaambia kuhusu kitabu, na nyota, na kope za waridi, na jinsi anavyocheka. Kasuku mzima nilikuwa na maneno ya kilomita kumi. Lakini hakuna aliyeniuliza zaidi ya hapo, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu ulimi uliganda.

Mama Jeni hakupiga kelele. Alisogea akachuchumaa mbele ya shangazi, akamuuliza kama mtu anayetaka kweli kujua, "Mwanangu alikukosea nini, Yustina?"

Shangazi alikuwa ndiye aliyemshonea Jeni gauni la Krismasi. Ndipo mtu mmoja kwa nyuma akafoka kwamba mtoto huyu naye asije akawa anafundishwa, achapwe mpaka aseme yote. Shangazi akainuka nusu.

"Mtoto amesema kweli," alisema. "Msimguse."

Hayo ndiyo maneno pekee niliyomsikia akisema siku ile. Yalinikinga mimi. Yeye yalimmaliza, maana watu waliyachukua kuwa ndiyo kukiri.

Vijana walikwenda korongoni mchana huohuo. Walimkuta bundi amelala, kama bundi wote wanavyolala mchana, wakampiga kwa makombeo mpaka akaanguka. Mathayo ndiye aliyembeba kijijini akimshika kwa bawa, na bawa jingine likiburuta vumbi. Walimtupa mbele ya mlango wa shangazi. Nilisogea nikaona macho yamefumba. Siwezi kuandika zaidi ya hapo.

Kesho yake mlango ulikuwa umezibwa kwa matawi ya miiba. Baba aliyaondoa mwenyewe kimyakimya, akamwambia dada yake jambo dirishani, na jioni lori la mkaa lilipopita, shangazi akapanda na cherehani yake na mfuko mmoja. Nilijificha nyuma ya ghala. Aligeuka mara mbili kutafuta kitu kwa macho. Nimejiambia miaka yote kwamba alikuwa anatafuta barabara.

Mama alinisuka nywele usiku ule akivuta kwa nguvu kuliko kawaida. "Mdomo uliponza kichwa," alisema, kisha akalia, na nikaelewa kwamba kichwa kilichoponzwa hakikuwa changu. Nyumbani hatukumtaja tena. Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo na hakuwahi kulitamka jina la dada yake mbele yangu.

Nilimkuta shangazi Itigi nikiwa mtu mzima, mwalimu, tayari naishi Mwankoko na mume wangu. Nilisikia kwa mfanyabiashara wa asali kwamba kuna fundi wa Kinyaturu karibu na stesheni, mrefu, hapendi maneno. Nilikwenda kipupwe. Nilinunua kwanza kitabu cha ndege, kipya, cha Kiswahili, nikakifunga kwa karatasi.

Alikuwa barazani anashona. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

"Ni Vero. Wa kaka yako."

Mguu wake ukasimama juu ya cherehani. Akanivutia kigoda. Alinipikia ugali na mlenda, akauliza habari za mama, za watoto, za mvua. Nilingoja mpaka sahani zimeondolewa.

"Shangazi, siku ile mimi..."

"Siku ile ilipita."

"Nilikuwa najisifu. Nilitaka kujisifu kwa ajili yako."

"Ulikuwa mtoto, na hukusema uongo. Basi."

Nikamkabidhi kitabu. Aliifungua karatasi, akaona jalada, akakifunika tena kwa uangalifu kama mtu anavyofunika chakula cha mgeni. Nikamuuliza kuhusu darubini. Alisema hakumbuki aliiacha wapi. Nikauliza daftari.

"Nilichemshia chai," alisema. "Njiani, siku ya pili. Lilikuwa kavu, liliwaka vizuri."

Juu ya mti uliokuwa upande wa pili wa barabara hondohondo akaanza kulia, ule mlio wake wa kurudiarudia. Kichwa changu kiligeuka chenyewe. Chake hakikugeuka. Aliingiza uzi kwenye sindano.

"Hapa Itigi natembea naangalia chini, Vero," alisema. "Anayeangalia chini hana kesi na mtu."

Alipofariki nilipigiwa simu baada ya maziko. Mpangishaji wake aliniambia aliugua kifua kipupwe chote, hakutaka kusumbua watu.

Sasa tuna kundi la WhatsApp la tuliosoma pamoja. Mathayo ndiye kiongozi wake. Ni mzee wa kanisa, ana wajukuu, na kila Jumapili anatuma picha za makombeo, vikombe vya bati, gari za waya, na chini yake anaandika: Enzi zetu palikuwa na upendo. Mtoto alikuwa wa kijiji kizima. Wenzangu wanajibu kwa mioyo na vicheko, na mimi pia nacheka, kwa sababu vikombe vile navikumbuka, uji ule naukumbuka, na hakuna aliyewahi kuninyima kula nyumbani kwake. Upendo ulikuwepo. Ndilo linaloniumiza zaidi. Ni watu walewale.

Mwaka huu, baridi ilipoanza, niliandika: "Mnamkumbuka Shangazi Yustina, fundi?" Tiki zote zikawa za bluu. Dada mmoja, katika wale waliovaa sketi zake, aliandika apumzike kwa amani. Dakika tano baadaye Mathayo akatuma picha ya mpira wa makaratasi, na mazungumzo yakaendelea.

Pale kwenye korongo leo ni mashamba ya alizeti mpaka upeo wa macho, na magunia ya mkaa yamepangwa kando ya barabara. Watoto wa siku hizi tunawasema sana, kwamba hawajui kuamia, hawajui kuchunga, wanaona dunia kwenye simu. Ni kweli. Lakini hawamwogopi mnyama ambaye hajawafanya kitu, na wakimsikia mwanamke anasingiziwa wanauliza, ushahidi uko wapi? Sisi tulikuwa na ndege wote wale, na hatukuwa na hata mtu mmoja wa kuuliza swali hilo. Sisi tumewalea vizuri kuliko tulivyolelewa, tukawarithisha pori tupu.

Wiki iliyopita binti yangu wa mwisho, Neema, aliingia jikoni na simu yangu mkononi. Alikuwa ameona picha ya bundi, bundi mdogo wa kahawia, wa nchi nyingine sijui gani.

"Mama, ona alivyo mzuri! Wewe ulishawahi kumwona wa kweli?"

Ana miaka tisa. Anaongea bila kupumzika, na kesho yake alikuwa anakwenda shule.

"Hapana," nikamwambia.

Nikaendelea kukoroga uji.